Nguvu na Kipimo Chake

Nguvu ya mwili ni mali ambayo mtu huipata mapema na kuipoteza mapema. Mtoto huanza kuitumia kabla hajajua thamani yake, na mzee huagana nayo wakati ambapo thamani hiyo ameijua sana. Kwa kuwa nguvu hukaa kwa mtu muda mfupi, yafaa kuuliza ni ya nini, na mwenye nayo anadaiwa nini kwa ajili yake. Maswali haya hujibiwa upesi katika kazi ambazo faida yake huonekana. Nguvu ya mkulima hujibiwa na mavuno, ya mwashi hujibiwa na ukuta, na ya mchukuzi hujibiwa na mzigo uliofika. Lakini iko kazi moja ya nguvu ambayo haivuni, haijengi, wala haifikishi mzigo kwa mwenyewe. Kazi hiyo ni ya mwanariadha anayetupa tufe na kisahani. Yeye hubeba kitu kizito ili akitupe, na akisha kukitupa hukifuata ili akitupe tena.

Sheria za kazi hiyo ni chache na kali. Tufe la wanaume lina uzito wa kilo 7.26, na la wanawake kilo 4. Kisahani cha wanaume ni kilo 2, na cha wanawake kilo 1. Mtupaji wa tufe hufanya kazi yake ndani ya duara lenye upana wa mita 2.135, na mtupaji wa kisahani ndani ya duara la mita 2.5. Akikanyaga ukingo wa duara, au akitoka kwa upande wa mbele, mtupo wake haupimwi hata kama tufe limekwenda mbali kuliko mengine yote. Yampasa angoje mpaka kitu chake kianguke, kisha atoke kwa nyuma kwa utulivu. Bendera nyeupe ikiinuliwa, utepe hunyoshwa na hesabu hutangazwa. Bendera nyekundu ikiinuliwa, kazi ya miaka huwa kama haikutendeka. Tendo lenyewe halizidi sekunde chache, na maandalizi yake hula ujana wote wa mtu.

Achukuliwe kwa mfano kijana wa kuwaziwa wa Makumira, mahali palipo kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Moshi, chini ya Mlima Meru wenye urefu wa mita 4,566. Kijana huyu amezaliwa na mabega mapana na mkono mrefu. Katika nchi hiyo ya migomba na kahawa, mashamba yamebanana, vichochoro ni vyembamba, na watoto hupita kila upande. Mwenzake aliyechagua mbio hana haja ya kuomba ruhusa, kwa kuwa alfajiri barabara ni yake na kilima ni mwalimu wake. Mtupaji hana bahati hiyo. Yeye hutaka uwanja ulio wazi, usiopitwa na mtoto wala mbuzi, kwani tufe likishatoka mkononi haliitiki likiitwa. Basi kijana huyo huchukua jiwe la mtoni, huchora duara kwa kijiti, hungoja wachezaji wa mpira waondoke jioni, kisha hutupa mpaka giza limnyime kuona mahali jiwe liangukapo.

Yamkini bibi yake angepita hapo akitoka sokoni Tengeru, angesimama kumtazama kitambo, halafu angemwuliza, "Mjukuu wangu, jiwe hilo ukishalitupa, walifuata la nini?" Naye kijana angejibu kwa adabu, "Nalifuata, bibi, nipate kulitupa tena." Bibi angecheka na kusema, "Basi ungeliacha palepale lilipokuwa, ukaja kunipokea mzigo huu."

Swali la bibi huyo si la mzaha tu. Yeye mwenyewe ana nguvu, na nguvu yake haijapata kupimwa na mtu. Mkungu mmoja wa ndizi aghalabu huwa mzito kuliko tufe mara mbili au zaidi, na wanawake wa Meru wameipeleka mikungu sokoni kwa vichwa vyao tangu zamani, masika na kiangazi, bila bendera nyeupe wala utepe. Mikungu hiyo ililisha watoto na kulipa karo. Ikiwa nguvu iliyolisha na kusomesha haikupewa sifa, kwa nini ipewe sifa nguvu iliyotupa jiwe kutoka hapa mpaka pale? Mwanafalsafa yeyote atakayetaka kuitetea riadha lazima kwanza amjibu bibi huyu, na asimjibu kwa dharau.

Jibu moja ni kwamba duara ni mahali pa kweli. Katika maisha ya kila siku mtu aweza kuonekana mkubwa kwa mavazi yake, kwa ukoo wake, au kwa ulimi wake. Aweza kusifiwa kwa kazi ya wengine na kusamehewa makosa yake kwa sababu ya cheo. Ndani ya duara hapana cheo. Tufe halimjui mtoto wa mkubwa wala mtoto wa mkulima. Huanguka mahali ambapo mkono umelifikisha. Mtu anayejizoeza kutupa kila siku hujizoeza kuambiwa ukweli juu yake mwenyewe kila siku, na kuupokea bila kununa. Leo amepata mita kumi na tano. Jana alipata kumi na tano na robo. Hapana wa kumlaumu. Huo ni mwanzo wa hekima, na si watu wengi wanaoupata katika ofisi au barazani.

Maisha ya Al Oerter, mtupaji wa kisahani wa Marekani, ni ushahidi mzuri wa jibu hilo. Mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 20, alishinda katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne kwa mita 56.36. Mwaka uliofuata aliponea chupuchupu katika ajali ya gari. Hata hivyo alishinda tena Roma mwaka 1960 kwa mita 59.18. Mwaka 1964, siku chache kabla ya mashindano ya Tokyo, aliumia mbavu, na madaktari walimwambia apumzike. Hakupumzika. Alifungwa bandeji, akaingia katika duara, na katika mtupo wake wa tano akatupa mita 61.00 huku amejikunja kwa maumivu. Mwaka 1968, Mexico, alishinda mara ya nne kwa mita 64.78. Kila mara alivunja rekodi ya Olimpiki. Wakati wote huo alikuwa mtu mwenye kazi yake ya mshahara, na mazoezi aliyafanya kwa saa zilizobaki. Mwaka 1980, akiwa na miaka 43, alitupa mita 69.46, mbali kuliko alivyotupa siku zote za ushindi wake. Lakini mwaka huo Marekani haikupeleka wanariadha Moscow, na katika mashindano ya mchujo ya nchi yake yeye mwenyewe alikuwa wa nne. Basi mtupo wake mrefu kuliko yote haukumletea medali hata moja. Ni dhahiri kwamba mtu wa namna hii alikuwa akitafuta kitu kingine zaidi ya kipande cha dhahabu kinachoning'inia shingoni.

Afrika Mashariki nayo ina mashahidi wake, ijapokuwa nchi hizi zimetukuzwa kwa mbio kuliko kwa mitupo. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974. Yeye na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha kutoka Moscow mwaka 1980, na hizo ndizo medali pekee ambazo Tanzania imezipata katika Olimpiki. Mwaka 2025 Alphonce Simbu akawa bingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo. Majina hayo hujulikana na watoto wa shule. Ni wachache wanaokumbuka kwamba katika kikosi cha mwaka 1980 alikuwamo pia Zakayo Malekwa, mrusha mkuki. Alikwenda Moscow, akaenda Los Angeles mwaka 1984, akaenda Seoul mwaka 1988. Alikwenda mara tatu, na mara tatu alirudi bila medali. Mkuki ni ndugu wa tufe na kisahani. Una uwanja uleule, utepe uleule na upweke uleule. Kudumu katika kazi hiyo kwa miaka minane ya Olimpiki, kutoka nchi ambayo macho yake yote yalikuwa katika njia ya mbio, si jambo dogo. Kama sifa ingegawanywa kwa kadiri ya subira, fungu la Malekwa lingekuwa kubwa.

Julius Yego wa Kenya alikuta upweke huohuo. Alikulia Nandi, katika nchi ya wakimbiaji, akaanza kwa kurusha mikuki ya miti aliyoichonga mwenyewe. Kwa kuwa hakuwa na mwalimu wa mchezo huo karibu naye, alijifunza kwa kuwatazama warushaji wa Ulaya katika video za intaneti. Mwaka 2011 alishinda Michezo ya Afrika huko Maputo. Mwaka 2015 alirusha mita 92.72 huko Beijing akawa bingwa wa dunia, na mwaka 2016 alipata medali ya fedha Rio de Janeiro kwa mita 88.24. Kisa chake hupendwa kusimuliwa, kwa sababu chaonekana kusema kwamba mwenye nia hakosi njia. Lakini kina upande wa pili usiosimuliwa sana. Kijana mmoja aliyefaulu bila mwalimu si hoja ya kwamba walimu hawahitajiwi. Waliokuwa na mikono kama yake, wasiokuwa na video wala mahali pa kurushia, hawana kisa, na kwa hiyo hawahesabiwi.

Hapo ndipo jibu la kwanza laanza kupungukiwa. Ni kweli kwamba duara halisemi uongo. Lakini duara halijichori lenyewe, utepe haujinyoshi wenyewe, na bendera haijiinui yenyewe. Ukweli wa mtupaji uko mkononi mwake mpaka tufe linapotoka; baada ya hapo umo mikononi mwa watu wengine. Watu hao wakiwa waongo, au wakiwa wazembe, mtu mwaminifu aweza kudhulumiwa hata katika mahali hapo pa kweli.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulitokea mahali ambapo michezo ya Olimpiki ilizaliwa. Tarehe 18 Agosti mwaka 2004, mashindano ya tufe ya Michezo ya Athens yalifanyika katika uwanja wa kale wa Olympia. Adam Nelson wa Marekani alitupa mita 21.16 katika mtupo wake wa kwanza. Mitupo yake mitano iliyofuata yote ilikuwa batili. Yuriy Bilonoh wa Ukraine naye akafikia mita 21.16, na kwa kuwa mtupo wake wa pili kwa ubora ulihesabiwa, ilhali Nelson hakuwa na mtupo mwingine halali, dhahabu ilikwenda kwa Bilonoh. Nelson alirudi kwao na medali ya fedha. Mwaka uliofuata hakuwa na mfadhili, hata akainadi nafasi ya tangazo juu ya fulana yake. Na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia huko Helsinki.

Mwaka 2012 vipimo vya siku ile ya Olympia vilichunguzwa upya. Ikaonekana kwamba Bilonoh alikuwa ametumia dawa zilizokatazwa, naye akanyang'anywa medali. Upande wa wanawake, aliyeshinda siku ileile, Irina Korzhanenko wa Urusi, alikuwa amekwisha kunyang'anywa ya kwake mwaka 2004 kwa kosa la namna hiyo. Basi Nelson akawa bingwa wa Olimpiki baada ya kungoja zaidi ya miaka minane. Medali yake alikabidhiwa mwaka 2013 katika ukumbi wa vyakula wa uwanja wa ndege wa Atlanta, kati ya wasafiri waliokuwa wakila na kuondoka. Hapakuwa na bendera iliyopandishwa, wala wimbo wa taifa, wala umati wa Olympia.

Mtu wa kujifariji atasema: dhahabu ni dhahabu, hata ikitolewa mezani pa chakula, na kwamba Nelson alikuwa bingwa tangu saa ile, ila dunia haikujua. Usemi huo una nusu ya kweli. Mtupo wa mita 21.16 haukurefuka mwaka 2013 wala haukuwa mfupi mwaka 2004. Ulikuwa wake, na wizi haukuweza kuugusa. Lakini nusu ya pili ya kweli ni chungu. Bingwa hupata heshima wakati ana umri wa kuitumia. Hupata fedha wakati anazihitaji. Huonwa na wazazi wake wakati wangali hai. Mambo hayo hayarudishwi kwa barua wala kwa mkono wa heri. Mwizi wa medali huiba pia miaka, na miaka haina ghala la kurudishiwa.

Watu wa Meru hawahitaji kufundishwa jambo hili na Olympia. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza wenyeji kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka Umoja wa Mataifa, New York, akaieleza dunia madai ya watu wake. Dunia ilisikiliza, lakini haikuirudisha ardhi siku ile. Miaka ilipita kabla Wameru hawajaipata tena. Haki yao haikupungua kwa kuchelewa, kwa kuwa ardhi ilikuwa yao siku waliyofukuzwa kama ilivyokuwa yao siku waliyorudi. Hata hivyo waliokufa katikati ya siku hizo mbili hawakurudi. Kufukuzwa katika ardhi ni msiba mkubwa kuliko kunyimwa medali, na si haki kuvilinganisha kwa uzito. Lakini funzo lao ni moja. Kusema kwamba haki haifi si sababu ya kuichelewesha. Anayesema "ngoja, kweli itadhihirika" lazima ajiulize ni nani anayelipa gharama ya kungoja.

Yako mabaya kuliko hayo. Mwizi wa Olympia alimwibia mpinzani wake. Zamani kidogo, katika Ujerumani ya Mashariki, wakubwa waliwaibia wanariadha wao wenyewe. Heidi Krieger alikuwa kijana mtupaji wa tufe katika klabu ya Dynamo ya Berlin. Akiwa na umri wa miaka 16 alianza kupewa vidonge vya buluu, na akaambiwa kuwa ni vya kujenga afya. Kwa kweli vilikuwa dawa ya Oral-Turinabol, yenye kufanya kazi ya homoni za kiume, na utoaji wake ulikuwa mpango wa serikali. Mwaka 1986 Krieger alikuwa bingwa wa Ulaya huko Stuttgart kwa mita 21.10. Baadaye mwili uliojaa maumivu ulimlazimu kuacha mchezo. Mwaka 1997 alibadili maisha yake akawa mwanamume, akijulikana kwa jina la Andreas. Amesema hadharani kwamba dawa zile zilimnyima nafasi ya kuamua mwenyewe yeye ni nani. Mwaka 2000 wakubwa wawili wa mpango huo, Manfred Ewald na Manfred Höppner, walihukumiwa na mahakama ya Berlin kwa kushiriki kuwadhuru wanariadha. Krieger alikuwa miongoni mwa walioshuhudia. Medali yake ya 1986 aliitoa iwe sehemu ya tuzo ya wanaopigana na dawa hizo.

Utepe wa Stuttgart ulisema mita 21.10, na utepe haukukosea. Tufe lilianguka pale lilipoanguka. Kosa lilikuwa mahali ambapo utepe haufiki. Mkono uliotupa ulikuwa wa Krieger, lakini nguvu iliyokuwamo ilikuwa imepandwa na watu waliotaka utukufu wao, kama mtu apandaye mbegu katika shamba la yatima. Kwa hiyo yule asemaye kwamba duara ni mahali pa kweli lazima aongeze neno moja: ni mahali pa kweli kwa mtu aliyeingia humo akiwa huru. Kijana wa miaka 16 aliyemeza kidonge kwa kumwamini mwalimu wake hakuwa mwongo. Uongo ulikuwa wa wazee. Na hapana dhambi ya mzee iliyo nzito kuliko kuitumia imani ya mtoto kuwa ngazi ya kupandia.

Basi yaonekana kwamba nguvu ya mtupaji ina madeni mawili, na kila deni lina mdaiwa wake. Deni la kwanza ni la mwanariadha, nalo ni uaminifu. Adaiwa kuingia katika duara na mwili wake mwenyewe, kutupa kwa kadiri alivyojaliwa, kutoka kwa nyuma kwa utulivu, na kuikubali hesabu. Asipolipa deni hili, hata akishinda, hajui kama ameshinda. Atakuwa kama mtu aliyejitumia barua ya sifa akaisahau sahihi yake. Malipo ya deni hili ni kujijua, na malipo hayo hayaibiwi. Oerter aliyapata siku alipotupa mbali kuliko siku zote pasipo kupewa medali, na Malekwa aliyapata kila alipofungasha mkuki wake kurudi nyumbani.

Deni la pili ni la jamaa, la wakubwa, la walimu na la serikali, nalo ni haki. Wanadaiwa kumpa kijana uwanja usiohatarisha mtoto wa jirani, tufe la uzito uliokubaliwa, mwalimu asiyemwongopea, na mwamuzi asiyenunulika. Wanadaiwa pia kumtazama. Deni hili la pili husahauliwa kwa urahisi, kwa sababu wenye kudaiwa ndio wenye midomo ya kuhubiri. Hupenda kumwambia kijana maskini kwamba wema ni malipo tosha ya mwenye kuutenda. Neno hilo ni kweli likitoka kinywani mwa kijana mwenyewe, na ni hila likitoka kinywani mwa aliyemnyima uwanja. Maana ndiye yule ambaye hukataa kununua tufe moja, kisha siku kijana akishinda ughaibuni, hukimbilia uwanja wa ndege na shada la maua.

Yule bibi wa Makumira angali amesimama na mkungu wake kichwani, naye hajajibiwa. Je, jiwe lile lafuatwa la nini? Huenda jibu lililo sawa ni kwamba jiwe la mjukuu na mkungu wa bibi ni ndugu. Nguvu ya bibi ililisha nyumba, na kwa kuilisha ilimpa mjukuu saa moja ya jioni asiyodaiwa na njaa. Katika saa hiyo mjukuu aweza kuuliza mwili wake waweza nini, swali ambalo bibi hakupata nafasi ya kuuliza juu ya mwili wake mwenyewe. Kila mita anayoipata imo ndani yake safari moja ya Tengeru. Ndiyo maana haimfai kuitupa nguvu hiyo kwa uongo, kwa kuwa si yake peke yake. Na ndiyo maana haifai nchi kuidharau, kwa kuwa nchi ikimdharau mjukuu imemdharau na bibi.

Ama kuhusu sifa, yafaa igawanywe kwa haki wakati wenye kuistahili wangalipo. Bibi naye apewe sehemu yake, ingawa hapana utepe wa kupima njia aliyoipita. Kijana akiyafahamu hayo, atajua la kufanya jioni ile bila kuamriwa. Ataliweka jiwe chini kwanza, ampokee bibi yake mkungu na kuufikisha nyumbani; kisha, ikiwa mwanga ungalipo, atarudi uwanjani alifuate jiwe lake.